Ofisi ya ajira chuoni: Mlango ambao wafanyabiashara wa mipakani hawajabisha hodi

MFANYABIASHARA wa mpakani ni mtu wa hesabu. Gunia la mahindi likitoka Kibaigwa mkoani Dodoma hadi Namanga, anajua limekula kiasi gani cha usafiri, cha ushuru wa halmashauri na cha wapakiaji, na anajua ni lazima liuzwe bei gani ili abaki na chochote mfukoni.

Hesabu inayomshinda ni ya mtoto aliyesoma. Ada ya chuo kikuu imelipwa miaka mitatu au minne kwa faida ya magunia hayo hayo, au ya vitenge, dagaa na vitunguu. Joho limevaliwa, picha zimepigwa, ndugu wamekula pilau. Mwaka mmoja unapita, wa pili unaingia, na mhitimu bado yuko nyumbani, anatuma maombi ya kazi kwa simu na kuomba hela ya bando.

Kati ya joho na mshahara kuna ofisi ambayo wazazi wengi wafanyabiashara hawajawahi kuifikiria: ofisi ya huduma za ajira ndani ya chuo. Vyuo vingine huiita ofisi ya ushauri wa kazi, vingine huiunganisha na kituo cha ujasiriamali, na vingine huiweka chini ya ofisi ya mlezi wa wanafunzi. Kazi yake ni kumwandaa mwanafunzi kwa maisha ya kazi kabla hajaondoka chuoni.

Kwa mfanyabiashara wa Busia, Mutukula, Rusumo au Tunduma, ofisi hiyo ina faida mbili. Inaweza kumsaidia mtoto wake, na inaweza kumletea yeye mwenyewe kijana mwenye ujuzi ambao biashara yake inaukosa. Faida ya kwanza inajulikana kidogo. Ya pili karibu haijulikani kabisa, na ndiyo inayopoteza fedha nyingi zaidi.

Zamani kazi ilimsubiri msomi

Miaka ya uhuru ofisi kama hizi hazikuwa na kazi kubwa. Mwaka 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kimoja kwa nchi tatu. Serikali mpya zilikuwa zinatafuta wenyeji wa kushika nafasi zilizoachwa na wakoloni, na wasomi walikuwa wachache. Aliyemaliza alikuta meza inamsubiri wizarani, shuleni au kwenye shirika la umma.

Chuo hicho kilivunjwa mwaka 1970, kila nchi ikabaki na chake. Katika miaka ya 1980 na 1990 serikali zilibana ajira kufuatia masharti ya marekebisho ya uchumi, na mashirika mengi ya umma yakauzwa au kufungwa. Baadaye vyuo vikuu, vya umma na vya binafsi, vikaongezeka mwaka hadi mwaka. Wahitimu wakawa wengi, meza zikawa chache.

Mwaka 2014 Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, IUCEA, lenye makao yake Kampala, lilitoa matokeo yaliyozungumzwa sana. Zaidi ya nusu ya wahitimu wa eneo hili walionekana kukosa stadi zinazohitajika kazini: asilimia 63 Uganda, 61 Tanzania, 55 Burundi, 52 Rwanda na 51 Kenya.

Takwimu hizo sasa zina zaidi ya miaka 10, lakini lawama zilizo nyuma yake hazijazeeka. Waajiri hawalalamiki sana kwamba kijana hajui nadharia. Wanalalamika kwamba hajui kuandika barua fupi inayoeleweka, kupokea mteja mwenye hasira, kufika kwa wakati, au kukiri mapema kwamba kazi imemshinda. Mambo hayo hayana mtihani wa muhula, na ndiyo ofisi ya ajira inayatakiwa kuyashughulikia.

Kinachofanyika ndani ya ofisi hiyo

Ofisi inayofanya kazi yake vizuri humpokea mwanafunzi tangu mwaka wa kwanza. Humweleza kozi yake inaelekea kwenye kazi zipi, na ni vyeti gani vya ziada vinavyotakiwa. Humfundisha kuandika wasifu wa kazi, ile karatasi ambayo kila mtu huiita CV, na barua ya maombi. Humkalisha kwenye usaili wa majaribio ili siku ya usaili wa kweli asitetemeke. Huandaa siku za maonyesho ambapo waajiri hufika chuoni. Huwaunganisha wanafunzi na wahitimu wa zamani walioko kazini. Na chuo kinapowafuatilia wahitimu wake kujua wameishia wapi, taarifa hizo ndizo zinazosaidia kurekebisha kozi.

Yapo makosa ambayo mshauri mzuri huyaona mara moja, na mojawapo linawahusu moja kwa moja watoto wa wafanyabiashara. Kijana amekaa dukani kwa mama yake tangu darasa la tano. Anajua kubadili shilingi ya Kenya kuwa ya Uganda kichwani bila kikokotoo. Ameandika daftari la wadaiwa, amehesabu mzigo usiku, amebembeleza wateja kwa lugha tatu. Akiandika CV, kwenye sehemu ya uzoefu anaandika kwamba hana.

Anaona haya, kwa sababu chuoni amejifunza kwamba uzoefu ni ule wa ofisi yenye kiyoyozi. Mshauri humwonyesha namna ya kuyaandika yale yale kwa lugha ya mwajiri: kusimamia akiba ya bidhaa, kutunza kumbukumbu za mikopo, kuhudumia wateja wa nchi mbili. Hapo hakuna uongo. Ni kazi iliyofanyika kweli, ila haikuwahi kuitwa kazi.

Nje ya vyuo serikali nazo zimeweka mikono yao. Nchini Kenya, sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2012 iliyounda KUCCPS, chombo kinachowapangia wanafunzi vyuo, ilikipa pia jukumu la kuandaa programu za ushauri wa kazi. Tume ya Utumishi wa Umma ya nchi hiyo huwachukua wahitimu kwa mafunzo ya miezi 12. Tanzania ina wakala wa huduma za ajira, TaESA, unaowaunganisha wahitimu na waajiri kwa mafunzo ya uzoefu wa kazi.

Ofisi zote hizo zina mpaka wake. Haziwezi kutengeneza ajira ambayo haipo. Chuo chenye maelfu ya wanafunzi huweza kuwa na washauri wachache tu, na wanafunzi wengi hubisha hodi muhula wa mwisho, wakati umekwisha.

Fildi, atachimenti, intanishipu, staji

Sehemu ya kazi ya ofisi hiyo inayomgusa mfanyabiashara zaidi ni mafunzo kwa vitendo. Mwanafunzi hutoka darasani kwa wiki kadhaa, aghalabu nane au zaidi, akafanye kazi mahali halisi chini ya msimamizi. Tanzania wanafunzi huyaita fildi. Kenya ni atachimenti. Uganda ni intanishipu. Ukivuka Mpondwe kuingia Kasindi nchini Congo, au Kabanga kuingia Kobero nchini Burundi, utasikia staji.

Majina ni manne, jambo ni moja. Mfanyabiashara anayeuza nchi mbili anafaa kuyajua yote, maana barua ya kuomba nafasi inaweza kumfikia ikiwa na jina lolote kati ya hayo.

Tatizo ni kwamba barua hizo humfikia mara chache. Wanafunzi huzipeleka wizarani, benki, mamlaka za mapato, kampuni za simu na halmashauri. Huko hukutana na wenzao mamia. Wanaokosa nafasi huishia mahali popote penye mhuri, na wanaopata nafasi wengine hukaa wiki nane wakipiga nakala za karatasi na kuchemsha chai. Ripoti inaandikwa, alama zinatolewa, ujuzi haupo.

Wakati huo huo, kilomita chache kutoka baadhi ya vyuo, kuna biashara zinazovusha bidhaa kila siku na hazina mtu wa kuandika hesabu. Upande wa Kenya wa mpaka wa Busia kuna Chuo Kikuu cha Alupe, kilichopata hati yake mwaka 2022. Upande wa Uganda, ndani ya Wilaya ya Busia, kuna makao makuu ya Chuo Kikuu cha Busitema. Kutoka Namanga hadi Arusha, kilipo Chuo cha Uhasibu, ni safari ya saa mbili hivi kwa gari. Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1965, kina kampasi pia Dodoma, Mwanza na Mbeya, na Mbeya ndiyo njia ya kwenda Tunduma.

Malori yaliyokwama kwa sumukuvu

Gharama ya vyuo na biashara kutokufahamiana ilionekana wazi Machi 2021. Tarehe 5 mwezi huo, mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa madai ya sumukuvu kuzidi kiwango. Malori yalikwama Namanga. Siku chache baadaye zuio liliondolewa, lakini kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa kila bilioni.

Wafanyabiashara waliipokea kama habari ya siasa, na siasa kweli haikukosekana. Lakini ndani yake kulikuwa na somo la darasani. Sumukuvu hutokana na ukungu, na ukungu hupenda nafaka yenye unyevu. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Mahindi yaliyoanikwa juu ya udongo, yakafungwa kwenye magunia kabla hayajakauka na kusafirishwa chini ya turubai kwa siku tatu, yana hatari kubwa ya kukwama pale mizani ya maabara itakapoyapima.

Sayansi ya chakula na kilimo hufundishwa Sokoine mjini Morogoro, Makerere jijini Kampala na Egerton kule Njoro. Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa kozi hizo anajua kutumia kipima unyevu. Anajua namna ya kuchukua sampuli katika magunia mengi badala ya kuchota kwenye gunia la juu tu, na namna ya kupanga magunia juu ya vichaga yasiguse sakafu.

Mfanyabiashara wa nafaka akimpokea mwanafunzi huyo wiki nane za msimu, atapata mtu wa kupima kila mzigo unapoingia ghalani na kuandika matokeo. Mwanafunzi naye atapata kitu ambacho maabara ya chuo haiwezi kumpa: kuona mzigo wa tani kadhaa ukikataliwa au kukubaliwa, na fedha ya mtu ikipotea au kuokolewa kwa sababu ya namba aliyoisoma yeye.

Risiti, vitabu na forodha

Mfano wa pili hauna lori. Ni daftari. Mamlaka za mapato za nchi jirani zote zimeingia kwenye risiti za kielektroniki. Tanzania ina mashine za EFD, Uganda ina mfumo wa EFRIS na Kenya ina eTIMS. Mwenye duka ambaye vitabu vyake viko kichwani hulipa zaidi ya anachodaiwa, au hulipa faini, na benki humkatalia mkopo kwa sababu hana cha kuonyesha.

Mwanafunzi wa uhasibu wa mwaka wa pili hawezi kuchukua nafasi ya mhasibu aliyesajiliwa. Anaweza lakini kutenganisha fedha ya biashara na ya nyumbani, kuweka kumbukumbu za mauzo za kila siku, na kumwachia mwenye duka utaratibu anaoweza kuuendeleza mwenyewe baada ya wiki nane.

Wa tatu ni mwanafunzi wa ununuzi na ugavi. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani huvushwa kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa pale pale mpakani, ilimradi ziwe kwenye orodha iliyokubaliwa. Wako wafanyabiashara wadogo ambao bado humlipa mtu wa kati, au hupita njia za panya, kwa kuogopa karatasi ambayo kwao ni ukurasa mmoja tu.

Mwanafunzi huyo akitaka kuendelea na kazi za forodha, mshauri wa ajira anayejua kazi yake atamweleza kwamba shahada peke yake haitoshi. Kuna cheti cha kikanda cha uwakala wa forodha, EACFFPC, kinachotolewa kwa ushirikiano wa mamlaka za mapato na vyama vya mawakala. Atamweleza pia kwamba mifumo inatofautiana: Tanzania hutumia TANCIS, wakati Uganda, Rwanda na Burundi hutumia ASYCUDA. Anayejua yote miwili ana soko pande zote za mpaka.

Mwanafunzi si kibarua wa bure

Kumpokea mwanafunzi kuna masharti, na ni vizuri yasemwe wazi. Chuo hutuma barua ya utambulisho. Anayempokea huandika barua ya kukubali, yenye jina la biashara, mahali ilipo na mhuri. Hupanga mtu mmoja wa kumsimamia. Mwanafunzi huandika daftari la kumbukumbu za kila siku, na msimamizi hulisoma na kulitia saini kila wiki. Mwalimu kutoka chuoni hufika kukagua. Mwishoni mwajiri hujaza fomu ya tathmini, na alama hizo huingia kwenye matokeo ya mwanafunzi.

Hapo ndipo biashara nyingi ndogo hukwama. Hazina ofisi, wala mhuri, wala mtu mwenye nafasi ya kusaini. Chuo nacho huogopa kumpeleka mwanafunzi mahali kisipopajua. Njia iliyo rahisi ni kupitia kikundi. Chama cha wafanyabiashara wa mpakani, ushirika wa mazao, sako au wakala wa forodha aliyesajiliwa ana leseni, anwani na mhuri. Kikundi kinaweza kuwapokea wanafunzi watatu au wanne na kuwagawa kwa wanachama, kila mmoja akiwa na kazi iliyoandikwa kwenye karatasi.

Vikundi vina faida nyingine pia. Kenya ina kanuni za mwaka 2016 zinazompa nafuu ya kodi mwajiri anayewachukua angalau wahitimu 10 wa vyuo vikuu kwa mafunzo ya kazi ya miezi sita hadi 12. Mwenye kibanda kimoja hawezi kufika idadi hiyo. Nafuu hiyo imewekewa kipimo cha kampuni kubwa, na vyama vya wafanyabiashara vina sababu ya kuhoji kama kipimo hicho hakiwezi kushushwa.

Kumgeuza mwanafunzi kuwa mbeba magunia si kumfundisha. Wala si halali kumtuma avushe mzigo usio na karatasi kwa sababu sura yake haijulikani kwa askari. Akikamatwa, aliyepotea ni mtoto wa mtu, na chuo kinaweza kumfukuza. Kwa wasichana kuna hatari zaidi: wapo wasimamizi wanaodai rushwa ya ngono ili wasaini daftari. Ofisi ya ajira isiyo na mtu wa kupokea malalamiko hayo kwa siri, na isiyoondoa mahali pabaya kwenye orodha yake, inawapeleka wanafunzi wake kwenye mtego.

Nauli na chakula cha mchana navyo vina umuhimu. Sheria za kila chuo zinatofautiana, na mwajiri mara nyingi halazimiki kumlipa mwanafunzi. Tanzania, mkopo wa bodi ya HESLB una fungu la mafunzo kwa vitendo, lakini si kila mwanafunzi anaupata. Mfanyabiashara anayemnufaisha mwanafunzi na kunufaika naye anajua mwenyewe kwamba mgeni hafanyi kazi na njaa.

Cheti kinapovuka mpaka

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilitiwa saini Novemba 20, 2009 na kuanza kutumika Julai 1, 2010. Ibara yake ya 11 inazitaka nchi wanachama kutambuana vyeti vya elimu na vya taaluma. Wahasibu na wasanifu majengo walipata makubaliano yao ya kutambuana mwaka 2011, wahandisi mwaka 2012 na madaktari wa mifugo mwaka 2016. Mei 2017 wakuu wa nchi waliitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu.

Karatasi hizo ni nzuri, ila kijana anayetaka kazi upande wa pili anahitaji kujua mambo madogo zaidi. Mkataba wa kazi wa zaidi ya siku 90 unamtaka aombe kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba kufungwa. Mkataba wa muda mfupi zaidi huhitaji pasi maalumu. Shahada yake huenda ikahitaji kutambuliwa kwanza na mamlaka ya huko, kama TCU Tanzania au NCHE Uganda. Na itifaki haikufungua kazi zote. Kila nchi ilitaja aina za wafanyakazi itakaowapokea.

Kuajiriwa na kufungua biashara navyo ni vitu viwili tofauti. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwamo uwakala wa fedha za simu, ufundi wa simu na ununuzi wa mazao shambani. Mhitimu wa Nairobi au Kampala aliyepanga kwenda kununua mpunga shambani Kahama anatakiwa kuijua habari hiyo kabla ya kupanda basi. Kuijua baada ya kukamatwa hakumsaidii.

Haya ndiyo maswali ambayo ofisi ya ajira ya chuo cha Afrika Mashariki ingepaswa kuwa na majibu yake kwenye kabati. Zile zilizozoea kumwandaa kijana kwa ajili ya wizara za nchi yake tu zina kazi ya kufanya. Wanafunzi wanaotaka kwenda Congo au Burundi wanahitaji pia CV ya Kifaransa, maana huko ndiyo lugha ya makaratasi, hata pale sokoni wanaposalimiana na kuelewana kwa Kiswahili.

Maswali ya kumuuliza mtoto, na ya kukiuliza chuo

Mzazi aliyelipa ada ana haki ya kuuliza, na hahitaji shahada kufanya hivyo. Chuo chako kina ofisi ya ajira? Umewahi kuingia humo? Jina la mshauri wako ni nani? Utafanya fildi au atachimenti lini, na wapi? Wahitimu wa kozi yako wa miaka mitatu iliyopita wako wapi sasa? Mtoto asiyejua jibu la swali la mwisho akaliulize chuoni. Chuo kinachofuatilia wahitimu wake kitakuwa nalo. Kisichofuatilia kitakuwa kimejibu kwa namna yake.

Kwa mfanyabiashara kama mwajiri, maswali ni mengine. Ni kazi gani katika biashara yangu inayonipotezea fedha kwa sababu hakuna anayeijua? Ni kozi gani inayoifundisha? Chuo kilicho karibu kinaitoa? Nani katika chama chetu ana mhuri? Barua ya ukurasa mmoja kwenda kwa mkuu wa ofisi ya ajira inatosha kuanza. Itaje kazi yenyewe, idadi ya wanafunzi, muda na msimamizi. Ofisi nyingi zinahangaika kutafuta nafasi za wanafunzi, kwa hiyo barua inayotoa nafasi haina sababu ya kukaa mezani muda mrefu.

Muda wa kuandika barua hiyo una maana. Katika nchi zetu wanafunzi wengi hutoka kwa mafunzo katikati ya mwaka, kati ya Mei na Oktoba, kila chuo kwa ratiba yake. Miezi hiyo ndiyo pia mahindi na maharage ya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania yanapovunwa, malori yanapanga foleni, na mnunuzi anakesha ghalani akiwa hana mtu wa kumsaidia kuandika. Vyuo huanza kupanga nafasi mapema zaidi ya hapo, na waajiri wakubwa huandikiana navyo tangu mwanzoni mwa mwaka. Mfanyabiashara anayetaka mwanafunzi wa msimu ujao abishe hodi Januari au Februari, kabla mahindi hayajabeba.